Leteni Wenye Kilo

Chebet rafiki yangu,

Nimefua, nimeanika, Nyambura amelala, na jua bado liko. Nimepindua mtungi hapa nje ya mlango nikaukalia, nikasema wacha nikuandikie kabla Kamau hajatoka shule akaanza kuniuliza naandikia nani. Unajua mimi na kalamu hatujakaa sana pamoja. Wewe ndiye ulimaliza kidato cha nne. Mimi nilikomea cha pili nikiwa na Kamau tumboni, na kila Ijumaa ulikuwa unaniletea madaftari yako nyumbani, ati nisisahau. Nimesahau mengi. Lakini barua naweza.

Wacha nianze na ukweli: nimekasirika. Sijui kama huko uliko mtu anaruhusiwa kuanza hivyo. Watu husema lala salama, pumzika, na mimi pia nayasema hayo kanisani watu wakiniangalia. Lakini kwa karatasi nataka kukuambia mambo vile yako. Nimekasirikia komiti. Nimekasirikia Mwenyekiti Ndirangu na kikombe chake. Nimekasirikia mizani. Na kuna siku zingine, aki nisamehe, nakukasirikia wewe, kwa sababu uliondoka hapa mchana ukicheka, begi ya mtoto begani, ukaniambia nikuwekee glavu yako ya besiboli kwa jua isishike ukungu. Nimeiweka kwa jua mpaka ngozi imeanza kupasuka. Hujarudi kuichukua.

Ile siku ya hospitali labda unaijua kuliko mimi, lakini hukuiona ukiwa upande wa nje wa mlango. Cherop alikuwa amezaliwa. Nilimsikia akilia, nikasema asante Mungu, imekwisha. Halafu nesi akatoka haraka akauliza ni nani wa Chebet yuko hapo, anaweza kutoa damu. Mama yako alikuwa bado njiani kutoka Keringet na kibuyu cha maziwa. Baba Cherop alikuwa kazini mbali, simu haishiki. Kwa ile benchi nilikuwa mimi tu. Nikasimama, nikakunja mkono wa sweta. Nesi akaangalia tumbo langu, maana Nyambura naye alikuwa karibu kuja, akaniambia kwa upole, "Wewe kaa chini, mama."

Nikakaa. Siwalaumu wale watu. Niliwaona wakikimbia. Damu iliyokuwa kwa friji ilikuwa kidogo ikaisha, nyingine ikatumwa kutoka mbali, na ilifika. Wewe hukuingoja.

Baadaye nilijua jambo ambalo sijui kama ningelijua mapema lingesaidia. Damu nyingi hapa kwetu hutolewa na wanafunzi wa sekondari. Shule zikifunguliwa friji inajaa. Shule zikifungwa inaanza kukauka. Wewe ulijifungua likizoni. Ni hiyo tu. Hakuna mchawi, hakuna laana, hakuna yale ambayo shangazi yako alikuwa akinong'ona matangani. Ni kalenda ya shule. Na wamama hawajifungui kwa kalenda ya shule.

Basi nikaanza kusumbua watu. Nilimtafuta Sista Rael, ndiye anasimamia lile gari linalozunguka kuchukua damu. Mama mmoja mpole, mnene, anaongea kama mtu anayekanda unga. Nikamwuliza kama wanaweza kuja mtaani kwetu wakati wa likizo. Akaniambia wazi, bila ubaya, kwamba gari linakunywa mafuta na lina wafanyakazi, na mahali lilipokwenda likarudi tupu huwa halirudi tena. Lakini wakipata watu wa kutosha siku moja, atatuweka kwenye mzunguko wa kila likizo. Kila likizo, Chebet. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyepewa shamba.

Sasa watu nitawatoa wapi? Nikafikiria wale mashabiki wa besiboli.

Unawakumbuka wale wa hoteli ya Ndirangu, karibu na kota za reli. Kila Jumapili baada ya kanisa wanajaa pale na makofia, wanatazama mechi za ng'ambo kwa skrini, mechi iliyochezwa juzi, na wanabishana kama refa atawasikia. Wanajua majina ya wachezaji ambao hawajawahi kukanyaga vumbi letu. Sisi na timu yetu tukicheza Jumamosi, uwanja uko hapo tu nyuma ya ukuta wa hoteli, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutoka na kikombe chake cha chai kuja kuangalia. Wewe ulikuwa unasema, "Hao wakiona ng'ombe kwa skrini watauliza bei, na wao wako na ng'ombe wao nyumbani hajakamuliwa." Lakini ni wengi, wana afya, na wanapenda kuonekana. Nikaona hao ndio.

Kocha wetu Otieno ndiye alileta wazo la mbio. Alisema ukiwaita watu kutoa damu, wanakumbuka kazi. Ukiwaita kukimbia, wanakuja. Akachora kwa vumbi na kidole, vile anavyopenda. Mbio zitakuwa kama mchezo wenyewe. Utaanzia uwanjani, besi ya kwanza ni posho mill ya kusaga unga, ya pili ni geti la kanisa, ya tatu ni kwa tangi la maji, halafu unarudi nyumbani uwanjani. Kila besi kutakuwa na gunia limejazwa vumbi la mbao, na lazima uliguse. Hukugusa, uko auti, umetolewa. Ukirudi unakaa kivulini, unakunywa chai, moyo unatulia, unatoa damu. Sista Rael akakubali, ila akaniinulia kidole: ziwe mbio za raha, asije mtu kwake akihema.

Nikampigia mama yako simu kumwomba hiyo siku iitwe kwa jina lako.  Akasema, "Msimtangaze mtoto wangu kwa spika." Iliniuma, sikudanganyi. Lakini ni mtoto wake. Akasema atakuja tu na Cherop, aone mahali mama yake alikuwa akichezea. Nikakumbuka ile mara moja alikuja kukuona ukicheza, akakaa na kiondo kwa magoti kama yuko hospitali anangoja kuitwa, na mwisho akauliza, "Sasa huu ni mchezo gani, mtu anakimbia mbio zote hizo anarudi palepale alipotoka?" Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Halafu komiti ya hao mashabiki, Ndirangu akiwa mwenyekiti. Chebet, komiti ni ugonjwa. Mkutano wa kwanza ulikuwa wa rangi ya tisheti. Hawa wanataka nyekundu kwa sababu ya timu yao ya ng'ambo, wale wanataka bluu kwa sababu ya timu yao ya ng'ambo, na kuna mzee mmoja alitaka mistari. Mkutano wa pili ulikuwa wa tisheti pia. Mkutano mzima, chai na mandazi, na neno damu halikutajwa mpaka mimi nikainua mkono huu mmoja, kwa ule mwingine nimeshika Nyambura ananyonya, nikasema, "Jamani, na gari la Sista?" Ndirangu akaniangalia juu ya miwani. "Mama Kamau, hiyo ni ajenda ya mwisho." Ajenda ya mwisho haikufikiwa. Waliondoka wakinipongeza kwa kuja na mtoto.

Nilimlilia Kocha. Akaniambia nivumilie, mwenyekiti ndiye ana hoteli, na hoteli ndiyo ina watu. Ni kweli. Lakini kuvumilia ndiyo kazi nimefanya tangu uende, na sijaona mshahara wake.

Ndirangu akaenda akatengenezesha kikombe. Hakuuliza mtu. Kikubwa, kinang'aa, kina masikio mawili. Nikamwambia mwenyekiti, hizi ni mbio za raha, kikombe cha nini? Akasema, "Mama Kamau, mbio bila kikombe ni matembezi." Na kama hiyo haitoshi, akaingia kwa redio, ile ya lugha ya kwenu, akatangaza mbio kubwa Nakuru, kikombe, wote wakaribishwe. Damu hakutaja. Mimi nilisikia kwa jirani nikichambua mboga, nikaacha kisu.

Wewe unatoka Keringet, hutaki kuelezwa. Huko kwenu ukitaja mbio na kikombe kwa pumzi moja, ni kama umemwaga mahindi mbele ya kuku.

Jumamosi ikafika. Baba Kamau alikuwa amelala Salgaa na lori, akaja asubuhi na turubai la kufunika mzigo, tukalifunga kwa milingoti tukapata kivuli kizuri. Sista Rael akapanga vitanda vyake, vile vya kukunja, na masanduku ya barafu, na mizani. Mimi nikachemsha chai sufuria mbili. Mashabiki wakaja na tisheti za rangi tatu, maana hawakuelewana mpaka mwisho. Mama yako akafika, Cherop mgongoni, gunia la viazi na kibuyu cha maziwa mkononi, akakaa kando kwa ukuta. Nikasema Mungu, leo itakuwa.

Halafu zikaingia pikapu mbili kutoka Keringet.

Waliteremka kimya kimya. Vijana na wasichana, wembamba kama miwa, kila mtu na jezi ya mazoezi na viatu vya maana. Hawakusalimia chai. Walianza kunyoosha miguu. Msichana mmoja, baadaye nilijua anaitwa Jerono, akaja kwa Kocha akamwuliza ni kilomita ngapi. Kocha akamwambia si kilomita, ni besi. Akamwangalia vile unaangalia mtu anayeongea usingizini.

Nilimkimbilia Ndirangu nikamwambia awaambie hawa watu ukweli kabla hawajaanza. Alikuwa ameshapanda bodaboda, ameinua kikombe juu kama mwenge, ati yeye ndiye gari la mbele. Akapuliza filimbi.

Wale watu walipotea. Sijui nikuambieje. Ulikuwa unaona vumbi halafu huoni. Na mashabiki wetu, wale wa mbio za raha, wale walioniahidi kwa mdomo wao kwamba watakimbia wakipiga hadithi, waliona aibu. Wakaanza kuwafukuza. Watu wa matumbo, watu wa kukaa Jumapili nzima na chapati, wakikimbia kama nyati amewatokea. Walirudi mmoja mmoja, wengine wameshikiliwa, macho yametoka, tisheti zimelowa. Mzee wa mistari alirudi na bodaboda.

Jerono alikuwa amefika zamani. Hata jasho hakuwa nalo. Akasimama mbele ya Ndirangu akanyoosha mkono achukue kikombe, na Kocha Otieno akaingia katikati.

"Wewe uko auti."

"Auti ya wapi? Nimemaliza."

"Hukugusa."

"Nimguse nani?"

Chebet, hakuna hata mmoja wao aliyegusa gunia. Waliyapita yote matatu kama mawe ya barabarani. Na unamjua Kocha. Huyo mtu babu yake alipanga treni na yeye anapanga besi, hawezi kuacha. Akasema hata ukikimbia kama upepo, kama hukugusa, hujafika nyumbani. Kocha wao naye akaja. Sauti zikapanda. Wakaongea mambo ya nauli waliyotumia, na kudharauliwa, na mtu mmoja nyuma akaanza kusema ninyi watu wa Nakuru, na mwingine akajibu ninyi watu wa kule. Unajua hayo maneno yanaanza hivyo hivyo, kidogo kidogo. Ndirangu alikuwa amekumbatia kile kikombe kama mtoto ambaye hajulikani ni wa nani. Nikimwangalia tena, hayuko.

Na vitanda vya Sista vyote vitupu.

Sista akajaribu. Akasema kwa sauti, walio tayari waje. Mashabiki wachache wakaja, akawashika mkono apime moyo, akatikisa kichwa. Moyo unapiga haraka sana, nenda ukae. Anayefuata, haraka sana, nenda ukae. Walienda kukaa, na wengine walikaa wakakaza kamba za viatu wakaenda nyumbani. Mimi nikawaomba wale wa Keringet. Sijui nilipata wapi uso wa kuwaomba. Wakakubali, Chebet, hawakuwa watu wabaya. Jerono akapanda mizani. Hakufika kilo hamsini zinazotakiwa. Mwenzake akapanda, hakufika. Wa tatu alifika, Sista akamshika mkono, akangoja, akashangaa. "Huyu moyo wake unapiga kama umelala. Siwezi."

Kwa hivyo wetu mioyo yao ni ya haraka mno, wao mioyo yao ni ya polepole mno. Kama ningeambiwa hiyo hadithi na mtu ningecheka. Nilikuwa nimeshika birika ya chai na hakuna anayekunywa.

Sista akaangalia saa yake. Mwenzake akaanza kukunja kitanda kimoja. Nikaenda nikakunja mkono wa sweta. Nikamwambia, chukua yangu. Akaangalia blauzi yangu. Nilikuwa nimelowa kifuani, Nyambura alikuwa amechelewa kunyonya. Akanishika bega.

"Kaa chini, mama."

Maneno yale yale. Sikujua maneno madogo hivyo yanaweza kumpiga mtu mahali pamoja mara mbili. Nikaenda nyuma ya turubai nikamnyonyesha mtoto nikilia, na nikakusema. Ndiyo, nilikusema wewe. Nikasema kwani ulikuwa unaharakia wapi? Si ungengoja hata kidogo? Mtu wa kurusha mpira kama wewe, mimi nikidaka, uliyekuwa unaweza kushika mpira mkononi mpaka mpigaji anachoka kungoja, kwa nini siku hiyo hukungoja?

Ndipo mama yako akasimama.

Alikuja akanipa Cherop, nikawa na mmoja huku na mmoja huku. Akaenda polepole mpaka katikati ya ile kelele. Aliwaambia kitu kwa lugha yenu, watu wa pikapu wakanyamaza. Halafu akarudia kwa Kiswahili ili na hawa wengine wasikie, bila spika, sauti yake ile ya kuita ng'ombe.

"Nyinyi ni watoto wa kwetu. Mimi ni Mama Chebet. Hii siku si ya kikombe, ni ya msichana wangu. Alizaa, damu ikakosekana, nikamkuta amefunikwa. Kama nyinyi hamna kilo, leteni wenye kilo."

Hivyo tu. Yeye aliyesema tusikutangaze. Akageuka akaenda kupanda mizani na gambuti zake na sweta mbili. Sista akamwambia avue gambuti, mama. Akasema, "Hata bila gambuti niko nazo." Na alikuwa nazo. Wakamchoma kidole, wakampima presha, akalala kwa kitanda kile kilichokuwa kinakunjwa, akaangalia turubai juu. Mimi sikuweza kuangalia mkono wake. Nilimwangalia Cherop. Alikuwa anatafuna kitufe changu.

 Jerono akamwendea Kocha Otieno, na Kocha akajitayarisha kwa vita, maskini. Msichana akamwuliza, "Na nikienda tena, niguse?"

Wakaenda wote. Mara hii sikuona vumbi, kwa sababu walikuwa wanasimama. Wa kwanza kurudi alikuwa kijana mmoja amemshika mkono mwenye posho mill, mweupe wa unga mpaka nyusi, anauliza kwani nimefanya nini. Kutoka kanisani walileta kwaya. Wamama wa kwaya walikuwa mazoezini, Chebet, hawajakimbia popote, mioyo imetulia, na kilo si za kutafuta. Sista alikuwa amewaonya wale vijana wasiwakimbize. Kwa hivyo ungeona: wakimbiaji wa maana, wa viatu vya maana, wanatembea polepole kama harusi, kila mmoja na mama wake mnene mkononi, wanamwuliza kama amechoka. Na kila wakipita besi, wanainama wanaigusa. Kocha alikuwa ananihesabia, "Amegusa. Huyo amegusa." Machozi yanamtoka na yeye anasema ni vumbi la mbao.

Ndirangu tulimkosa. Jerono akaingia hotelini kwake, akapita mpaka jikoni, akamtoa nyuma ya magunia ya makaa, kikombe bado kifuani. Akasema yeye ana presha. Sista akapima. Presha ilikuwa sawa kabisa, Sista hata akampongeza. Wamama wa kwaya wakamwimbia alale. Akalala amefunika uso kwa kofia yake ya timu ya ng'ambo, na akaniita kwa sauti ndogo, "Mama Kamau, uko hapo?" Nikamwambia niko. "Imeanza?" Nikamwambia mwenyekiti, hiyo ni ajenda ya mwisho. Nisamehe, sikuweza kujizuia. Nilikusikia ukicheka.

Mashabiki walipoona mwenyekiti ameinuka mzima, wale waliokuwa wamekaa wakajipanga. Mioyo ilikuwa imeshuka. Chai yangu iliisha, nikachemsha nyingine.

Sasa kuna kitu nataka kukuambia, na hiki ndicho kilichonikalisha hapa. Nilipowaona wale wembamba wakirudi na watu, wao wenyewe hawakutoa hata tone, nilikumbuka ile mechi yetu na wa Dundori. Mimi nilikuwa besi ya tatu, nimekwama. Wewe ulikuwa na gongo la kupigia. Kila mtu alijua utapiga mpira mpaka ng'ambo ya reli. Ukanitazama, ukanionyesha vidole vyetu vile viwili kwa paja, ishara yetu ya kwamba nikimbie, na badala ya kupiga uliugusa tu, polepole, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Mpira ukaanguka hapo miguuni. Wakati wote wanaukimbilia kukutoa wewe, mimi nilikimbia nikafika nyumbani. Ulikuwa auti kabisa, hata hukubishana. Ulikuja vumbi mpaka kwa kope ukaniambia, "Mimi auti, wewe umefika. Shida iko wapi?"

Chebet, shida iko. Kwa mchezo hiyo hesabu nilikubali, na nilikubeba mgongoni. Lakini tangu ile siku ya benchi watu wananiambia ile ile, kwa maneno ya kanisani: mama ameenda lakini mtoto ameachwa, ni mpango. Wewe auti, Cherop amefika. Sijakubali. Nilitaka mfike wawili. Mpaka leo nataka hivyo, na nikiona mwanamke mwenye tumbo akipita hapa barabarani wakati wa likizo, hasira inanishika upya kwa niaba yake, na yeye hajui, ananisalimia tu.

Sista Rael alipofunga sanduku walilibeba watu wawili. Akanishika mkono akasema, tutaonana likizo ijayo.  Lile sanduku nililisindikiza na macho mpaka kona.

Kikombe? Kocha alikataa kukitoa. Alisema mbio za kwanza wote walikuwa auti, na za pili hazikuwa mbio. Jerono hakubishana tena. Alikichukua kwa Ndirangu akampa Cherop, na mama yako akakiosha kwa maji ya tangi, akamimina maziwa ya kibuyu, na mtoto wako akanywa akishika masikio yote mawili, maziwa yakamwagika mpaka kwa magoti. Mama yako akamwangalia, akaangalia ule uwanja. Akasema peke yake, "Kumbe wanarudi palepale wakiwa na mtu."

Usidhani mambo yamekuwa laini. Juzi komiti imekaa. Sasa ni kofia. Hawa wanataka nyekundu. Ndirangu anataka picha yake akiwa kitandani iwekwe kwa bango, na anasema kwa kila mtu kwamba sindano si kitu. Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma. Lakini nitaenda tena kikao kijacho, nitainua mkono, na ajenda ya mwisho nitaianza mimi.

Hii ndiyo ahadi yangu, sina nyingine kubwa. Nyambura ameanza kula ugali. Likizo ijayo atakuwa bado ananyonya, nitachemsha chai. Lakini ile inayofuata atakuwa ameachishwa. Na mimi naongeza kilo, nakula viazi vya mama yako asubuhi na jioni, Baba Kamau ananicheka. Siku hiyo nitapanda ile mizani bila viatu. Sista asiniambie nikae. Nitalala kwa kitanda mwenyewe, mkono umekunjuliwa, na nikifunga macho nitakuonyesha vile vidole viwili.

Kamau ametokea kwa kona, amevua viatu tena. Wacha niende, Chebet. Ulale vizuri huko Keringet, na kukinyesha ujue ni sisi wote tunakuwaza.

Glavu yako nimeitoa kwa jua. Nimeipaka mafuta pale ilipopasuka, nimeifunga mpira ndani isipoteze umbo. Mkono wa Cherop bado ni mdogo.

Ni mimi mdakaji wako,
Wanjiru